Perpetua wa Karthago: Siku za Gerezani



Tarehe 7 Machi mwaka 203, katika mji wa Karthago, kaskazini mwa Afrika, mwanamke kijana aitwaye Vibia Perpetua aliuawa hadharani pamoja na wenzake kwa kosa la kuwa Wakristo. Alikuwa na umri wa miaka kama 22. Alitoka katika ukoo wa heshima, ameolewa, ana mtoto mchanga wa kiume ambaye bado ananyonya. Na alikuwa amesoma. Hilo la kusoma ndilo lililotufikishia habari zake, kwani akiwa kizuizini aliandika yaliyompata, tangu alipokamatwa hadi siku moja kabla ya kuuawa. Mwenzake mmoja, Saturus, naye akaandika maono aliyoyaona. Kisha Mkristo mwingine, ambaye hakutaja jina lake, akayaunganisha maandishi hayo mawili na kuongeza habari za siku ya mwisho. Simulizi hilo limehifadhiwa kwa Kilatini na kwa Kigiriki, na sehemu ya Perpetua ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia.

Habari za wafiadini husimuliwa mara nyingi kwa haraka ya kufika uwanjani: wanyama wakali, upanga, damu, kisha utukufu. Mimi leo naomba tukawie gerezani, kwa sababu Perpetua mwenyewe alikawia huko. Kule uwanjani lilimalizwa kwa saa chache jambo ambalo yeye alikuwa amekwisha kulikatia shauri zamani, mbele ya baba yake anayelia, na mtoto wake akiwa kifuani.

Karthago ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya Dola la Roma. Magofu yake yapo hadi leo kando ya jiji la Tunis, na uwanja wa michezo walimouawa bado unaonekana, ingawa sehemu kubwa ya mawe yake imekwisha kuondoka. Ngano ya nchi ile ililisha Roma. Kaisari aliyekuwa madarakani, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya. Ukristo nao ulikuwa umekwisha kuota mizizi huko: mwaka 180 Wakristo 12 wa Scillium walihukumiwa Karthago na kuuawa kwa upanga, na katika miaka hii hii ya Perpetua mwandishi Tertuliani alikuwa akiishi mjini humo, akiandika, hata kuwaandikia Wakristo waliofungwa ili kuwatia moyo.

Waliokamatwa walikuwa wakatekumeni, yaani watu ambao walikuwa bado wakifundishwa dini, hawajabatizwa. Walikuwa Revocatus na Felisita, watumwa wote wawili, pamoja na Saturninus, Secundulus na Perpetua. Saturus, aliyekuwa mwalimu wao, hakuwepo siku ile. Aliposikia kwamba wanafunzi wake wamechukuliwa, alikwenda mwenyewe kujisalimisha ili awe pamoja nao. Nimemfundisha katekumeni mmoja na mwingine maishani mwangu, na kila nikifika kwa Saturus huwa nasimama kidogo. Mwalimu yule angeweza kujificha, na hakuna ambaye angemlaumu.

Walipokuwa bado chini ya ulinzi, kabla ya kupelekwa gerezani, baba yake Perpetua alikuja. Hakuwa Mkristo. Alimpenda binti yake na alitaka kumwokoa, basi akaanza kumbembeleza aiache imani hiyo. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale, mtungi mdogo au kitu kama hicho, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Baba akasema hakiwezi. Naye akamwambia kuwa vivyo hivyo yeye hawezi kujiita kitu kingine ila kile alicho, Mkristo. Mzee akapandwa na hasira, akamrukia kana kwamba anataka kumng'oa macho. Kisha akaondoka, na Perpetua anakiri kwamba alipata nafuu kwa kuwa mbali naye siku chache. Siku hizo ndizo alizobatizwa. Akiwa majini, anasema, Roho alimwelekeza asiombe kitu kingine chochote ila uvumilivu wa mwili.

Sikilizeni sala hiyo vizuri. Hakuomba malango ya gereza yafunguke, wala hakuomba liwali abadili moyo. Aliujua mwili wake: mwili wa mwanamke aliyejifungua karibuni, wenye maziwa, wenye njaa na usingizi. Akauombea huo.

Halafu gereza. Perpetua anaeleza wazi kwamba aliogopa, kwa sababu hajawahi kukaa katika giza kama lile. Joto lilikuwa kali, watu wamesongamana, askari wanawatoza fedha kwa nguvu. Juu ya hayo yote kulikuwa na mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwapa askari fedha ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali palipo nafuu zaidi wakapumue. Hapo Perpetua alimnyonyesha mwanawe aliyekuwa amelegea kwa njaa. Akazungumza na mama yake kuhusu mtoto huyo, akamtuliza kaka yake, akawakabidhi wamtunze. Alinyong'onyea alipoona jinsi wao wanavyonyong'onyea kwa ajili yake. Baadaye akapata ruhusa ya kukaa na mtoto gerezani, na mara ile akapata nguvu. Anasema gereza likawa kwake kama jumba la kifalme, mahali asipotamani kuondoka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika kurasa chache hizo Perpetua anarudi kwa mtoto wake mara kwa mara: yuko wapi, amenyonya, nani atamlea. Mumewe hatajwi hata mara moja. Anayetajwa tena na tena ni baba yake, na hapo ndipo simulizi linapouma zaidi.

Habari zilipoenea kwamba kesi itasikilizwa, mzee alifika kutoka mjini akiwa amechoka kwa mawazo. Safari hii hakuja na hasira. Alimsihi azihurumie mvi zake. Akamkumbusha kwamba alimlea na kumpenda kuliko kaka zake wote. Akamtaka awafikirie mama yake na dada wa mama yake, na huyo mtoto ambaye hataweza kuishi bila mama. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake akilia, na hakumwita tena binti, alimwita bibi, kwa heshima apewayo mkubwa. Nyie mliolelewa katika nyumba zetu mnajua uzito wa jambo hilo. Mzee mwenye mvi kumpigia magoti mwanawe! Mtoto gani hataona dunia inampindukia?

Perpetua alimwonea huruma. Anaandika kwamba alihuzunika kwa sababu katika ukoo mzima baba yake peke yake ndiye asingefurahia mateso yake. Alijaribu kumfariji kwa kumwambia kwamba huko kizimbani litakuwa lile alitakalo Mungu, kwa kuwa maisha yao hayapo mikononi mwao wenyewe. Mzee akaondoka na huzuni yake.

Naomba niseme hapa ninaloliamini kwa moyo wote. Tunapohubiri juu ya wafiadini huwa tunawavua ubinadamu, kana kwamba imani yao ilikuwa kubwa kwa sababu upendo wao kwa watu ulikuwa mdogo. Perpetua anakataa hadithi hiyo kwa mkono wake. Hakumdharau baba yake, wala hakumwita adui. Aliandika machozi yake yote, neno kwa neno, ili yasipotee. Alimpenda, na akakataa.

Kesi ilisikilizwa katika uwanja wa mji, umati mkubwa ukiwa umekusanyika. Hakimu alikuwa Hilarianus, aliyeshika madaraka ya liwali Minucius Timinianus baada ya kifo cha huyo liwali, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kutoa hukumu ya kifo. Wenzake Perpetua waliulizwa mmoja mmoja, wakakiri. Ilipofika zamu ya Perpetua, baba yake akatokea akiwa amembeba yule mtoto, akamvuta kutoka ngazini, akimwomba atoe sadaka, amhurumie mwanawe. Hilarianus naye akaongeza ombi hilo hilo: ahurumie mvi za baba yake na utoto wa mwanawe, atoe sadaka kwa ajili ya usalama wa makaisari. Akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristo. Akasema ndiye.

Baba hakukoma kumsihi, ndipo Hilarianus akaamuru aondolewe na apigwe fimbo. Perpetua anasema pigo lile lilimuuma kana kwamba amepigwa yeye, akausikitikia uzee ule. Kisha wote wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali, wakarudi gerezani wakiwa na furaha. Mara akamtuma shemasi Pomponius kwa baba yake akamwombe mtoto, kwa maana alikuwa amezoea kunyonya na kukaa naye. Mzee akakataa kumtoa. Perpetua anaandika kwamba, kwa mapenzi ya Mungu, mtoto hakutaka tena titi, na matiti yake mwenyewe hayakuvimba wala kuuma, ili asiteseke kwa wasiwasi wa mtoto na kwa maumivu ya maziwa. Ni mwanamke tu ambaye angeona haja ya kuandika jambo hilo.

Aliona maono kadhaa. Aliona ngazi ya shaba nyembamba inayofika mbinguni, pande zote mbili zimefungwa mapanga na mikuki, na chini yake joka kubwa. Akakanyaga kichwa cha joka kama ngazi ya kwanza, akapanda, akafika katika bustani kubwa. Humo mzee mwenye nywele nyeupe, aliyevaa kichungaji, alikuwa akikamua kondoo, akampa tonge la maziwa yaliyoganda. Akaamka bado anatafuna kitu kitamu. Akamweleza kaka yake, wakaelewa wote wawili kwamba hapana kutoka.

Maono yanayonigusa kuliko yote ni ya mdogo wake, Dinocrates, aliyekufa akiwa na miaka 7 kwa ugonjwa mbaya wa uso. Siku moja katikati ya sala jina lake likamtoka Perpetua mdomoni, naye akashangaa kwamba alikuwa hajamkumbuka. Usiku ule akamwona akitoka mahali pa giza, ana joto na kiu, kidonda bado kipo usoni. Mbele yake kulikuwa na birika la maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo cha mtoto. Perpetua akamwombea usiku na mchana kwa machozi, hadi walipohamishiwa katika gereza la kambi ya jeshi, kwa kuwa walipangwa kuuawa katika michezo ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari. Akamwona tena: safi, amevaa vizuri, kidonda kimebaki kovu, ukingo wa birika umeshuka. Akanywa kadiri alivyotaka, akaenda kucheza jinsi watoto wachezavyo. Mwanamke anayesubiri kuuawa anatumia siku zake zilizobaki kumwombea mdogo wake aliyekufa. Atakayeniuliza imani ya Perpetua ilikuwaje, nitampeleka hapo.

Felisita naye hatuwezi kumpita. Alikuwa mtumwa, na hakutuachia maandishi. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria haikuruhusu mjamzito kuuawa. Hofu yake ilikuwa kwamba ataachwa, kisha auawe baadaye pamoja na wahalifu wengine, mbali na wenzake. Wenzake nao hawakutaka kumwacha nyuma njiani. Siku mbili kabla ya michezo wakaomba pamoja, na mara baada ya sala uchungu ukamshika. Kujifungua mwezi wa nane kulikuwa kugumu, naye akalia. Mlinzi mmoja akamdhihaki: kama analia sasa, atafanya nini mbele ya wanyama? Felisita akamjibu kwamba haya ya sasa anayapata yeye mwenyewe, bali kule kutakuwa na mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atateseka kwa ajili yake huyo. Akamzaa mtoto wa kike. Dada mmoja Mkristo akamchukua na kumlea kama binti yake.

Bibi wa ukoo na mtumwa. Nje ya gereza lile, mmoja angemhudumia mwingine mezani. Ndani yake waliomba sala moja, na kanisa likayaweka majina yao pamoja hadi leo. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza padri huyataja, na jina la Felisita hutangulia la Perpetua. Ndiyo maana katika familia zetu za Kikatoliki, tangu Bukoba hadi Kisumu, kuna akina Perpetua na akina Felista wengi.

Perpetua hakuwa mtu wa kunyamaza. Mkuu wa askari alipowabana kwa kuogopa kwamba watatoroshwa kwa uchawi, alimkabili usoni. Alimuuliza kwa nini awanyime nafuu wafungwa mashuhuri wa Kaisari, watakaopigana siku ya kuzaliwa kwa Geta. Je, haingekuwa sifa kwake wakipelekwa wakiwa wamenona? Mkuu yule akaona haya, akaamuru watendewe kiutu na ndugu zao waruhusiwe kuingia. Msimamizi wa gereza, askari aitwaye Pudens, alikuwa amekwisha kuwaheshimu kwa aliyoyaona, na mwisho naye akaamini.

Kuhusu uwanja nitasema machache. Secundulus alikuwa amefia gerezani. Walipofika langoni, askari walitaka kuwavisha wanaume mavazi ya makuhani wa Saturno na wanawake mavazi ya makuhani wa kike wa Ceres. Perpetua akapinga hadi mwisho: wamekuja kwa hiari yao ili uhuru wao usivunjwe, na wametoa maisha yao wasije wakafanya jambo kama hilo. Askari wakakubali. Wanawake wawili walitupwa mbele ya ng'ombe jike mkali. Perpetua alipoanguka, alivuta vazi lake lililochanika akajifunika paja. Akatafuta kibanio, akafunga nywele zilizofumuka, kwa sababu nywele zilizoachwa wazi zilikuwa dalili ya maombolezo. Kisha akamwona Felisita amelala chini, akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama pamoja. Mwishowe walipeana busu la amani, wakauawa kwa upanga. Kijana aliyepangiwa Perpetua alikuwa mgeni wa kazi ile, akamchoma vibaya mfupani, naye akapiga kelele. Ndipo mwenyewe akauongoza mkono ule uliotetemeka hadi kwenye koo lake.

Kumbukumbu yao haikuzimika. Augustino wa Hippo alihubiri katika sikukuu yao miaka 200 baadaye, simulizi likiwa limesomwa kanisani. Mwaka 1907, padri Alfred-Louis Delattre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, alikuta katika magofu ya basilika moja ya Karthago vipande vya jiwe lenye majina yao. Shirika hilo hilo lilianzishwa Algeria mwaka 1868, na mwaka 1878 msafara wake wa kwanza ulianzia Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Huko Uganda ndiko yalikotokea mauaji ya Wakristo ya Namugongo.

Na Namugongo kulikuwa na kijana aitwaye Mbaga Tuzinde. Alikuwa bado katekumeni, akabatizwa na mwenzake Karoli Lwanga usiku wa kuamkia safari ya kwenda kufa, Mei 1886. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndiye mlezi wake kama baba. Alimbembeleza kijana yule aseme neno moja tu apate kumficha, na kijana akakataa. Miaka 1683 baada ya Karthago, ubatizo chini ya ulinzi tena, na mzee anayemlilia mwanawe tena. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wafiadini wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja katika mahubiri yake pamoja na wafiadini wa Karthago wa zama zile.

Tarehe 7 Machi mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima, na kumbukumbu ya Perpetua na Felisita hupita bila watu wengi kutambua. Ningeziomba jumuiya ndogo ndogo zilitafute simulizi hili na kulisoma kwa sauti jioni ile. Likisomwa lote halifiki saa moja. Mpeni mama mmoja asome sehemu ya Perpetua, na mahali baba yake anapoingia, asiharakishe.